Maswali ya Wasomaji: Mbona Anatembea, Halafu Analipwa?

Barua nyingi za mwezi huu, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, zinauliza jambo moja: nani hasa anastahili kusaidiwa kwa sababu ya ulemavu, na majirani wana haki gani ya kumwamulia. Tumechagua tano. Majibu yameandaliwa na dawati letu la ustawi wa jamii.

Mtaani kwetu Mbagala kulikuwa na mkutano wa kutaja kaya maskini. Jirani yangu ni mjane, ana kijana wa miaka 19 mwenye kifafa. Alipotajwa, watu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo jana kacheza mpira Zakhem, ulemavu gani?" Mama wa watu akainamisha kichwa, na jina halikuandikwa. Mimi nilinyamaza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Je, walikuwa sahihi? Na sasa afanye nini?
*Mama Watatu, Mbagala*

Mama Watatu, hawakuwa sahihi, na kosa lao lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kuchanganya mambo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania), si mfuko wa ulemavu. Unatazama umaskini wa kaya nzima: nyumba imeezekwa na nini, choo kikoje, wanaokula ni wangapi na wanaozalisha ni wangapi, ndani kuna vitu gani vya thamani. Kaya yenye mtu asiyeona lakini ina nyumba tatu za kupangisha haiingii. Kaya isiyo na ulemavu wowote lakini inalala njaa inaingia. Awamu ya pili ya mpango, iliyozinduliwa Februari 2020, ndiyo iliyoongeza ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu, na nyongeza hiyo huja baada ya kaya kukubalika kwa umaskini wake. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu jirani yako lilitakiwa kuwa: mjane huyu anaishije? Mpira wa Zakhem ungesubiri.

Upande wa pili ni kumpima mtu kwa siku moja aliyoonekana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, haisemi popote kwamba mlemavu ni yule anayetambaa au mwenye fimbo. Inazungumzia mtu kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Kijana wa kifafa anaweza kucheza dakika tisini Jumamosi, Jumapili akaanguka jikoni, Jumatatu akashinda amelala akiwa hajui ni siku gani. Hawezi kuendesha bodaboda. Hawezi kupanda ngazi za ujenzi wala kukaanga chipsi kwenye karai la mafuta ya moto. Fundi akimchukua kama saidia, siku atakapoanguka mara ya kwanza ndiyo siku ya mwisho ya kazi. Hayo ndiyo yanayohesabika, na hakuna hata moja linaloonekana uwanjani.

Sasa hatua. Kutajwa mkutanoni ni mwanzo tu wa safari. Majina yakishapatikana, dodoso hujazwa kwa kila kaya, majibu hupimwa kwenye mfumo, kisha orodha hurudi kwenye mkutano wa mtaa kuthibitishwa. Hapo ndipo watu wana haki ya kusema nani kaachwa na nani kaingizwa isivyo halali. Jirani yako aende kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa mtendaji, aulize mambo mawili: orodha iko hatua gani, na malalamiko yanapokelewa na nani. Apeleke lalamiko kwa maandishi, nakala abaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo barazani hupotea. Kaya mpya huingizwa kwa awamu, si kila mwezi, na lalamiko lililoandikwa ndilo litakalokuwepo awamu nyingine ikifunguliwa.

Pamoja na lalamiko aambatishe mambo mawili. La kwanza ni barua ya kliniki anakotibiwa kijana. Barua inayosema "ana kifafa" tu haitoshi, kwa sababu asomaye atamkumbuka mtu mwingine mwenye kifafa anayeendesha duka. Amwombe mganga aandike anaanguka mara ngapi kwa mwezi hata akiwa kwenye dawa, na shughuli zipi hapaswi kufanya. La pili ni daftari la nyumbani. Kila anapoanguka iandikwe tarehe, saa, alikuwa wapi, ilidumu dakika ngapi, aliumia wapi, na alichukua saa ngapi kurudi katika hali yake. Miezi mitatu ya daftari kama hilo inamsaidia daktari kurekebisha dozi, na inamfunga mdomo anayesema "mbona jana alikuwa mzima".

Tahadhari kuhusu dodoso, maana hapa kaya nyingi zinaangushwa na wenyewe. Kuna wanaomwachia mtoto ajibu kwa sababu mama kaenda sokoni. Kuna wanaoandikisha kaya kwa jina la baba aliyehamia Kigamboni na familia nyingine. Wapo wanaopanga sebule kwa kochi la kuazima kwa sababu mgeni anakuja, na kochi hilo linahesabiwa. Na wapo, hili linasikitisha kuliko yote, wanaomfungia chumbani mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa aibu, kisha wanajibu kwamba kaya ina watoto wawili badala ya watatu. Akiulizwa juu ya mtu mwenye ulemavu, mama asijibu kwa jina la ugonjwa peke yake. Maswali sita yanayotumika sana kwenye sensa na tafiti ni mwongozo mzuri: ana ugumu gani wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kutulia na jambo, kujihudumia, na kuwasiliana. Kila gumu lielezwe kwa kazi inayomshinda na kwa siku ngapi za wiki.

Na wewe, Mama Watatu, mkutano wa uthibitisho ukiitishwa, nenda ukaseme. Neno moja la jirani anayeona mambo usiku lina uzito kuliko kicheko cha watu kumi wanaopita mchana.

Nafanya kazi kiwandani Keko. Mashine ilinikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Nimetibiwa, nimerudi kazini kitengo kingine, na naambiwa nina haki ya fidia. Wenzangu wananiita "mstaafu", wanasema anayefanya kazi hawezi kulipwa ulemavu, na kwamba hela hiyo inakatwa kwenye mishahara yao. Nikubali au niachie?
*Msomaji, Keko*

Pole sana, ndugu yetu. Usiachie.

Wenzako wamekosea kuhusu fedha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Wakitazama hati zao za mshahara wataona makato ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) na kodi, lakini hawataona makato ya WCF, na wakiyaona, mwajiri ndiye anayevunja sheria.

Wamekosea pia kuhusu kazi. Fidia hii inalipa sehemu ya mwili uliyoipoteza ukiwa kazini. Kurudi kazini hakurudishi vidole. Daktari husubiri jeraha lifikie hali ambayo haitabadilika tena, kisha hupima umepoteza asilimia ngapi. Ikiwa ni asilimia 30 au chini yake, unalipwa kwa mkupuo mmoja. Ikizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Aliyepoteza uwezo kwa asilimia 100 hukokotolewa kwa asilimia 70 ya mshahara wake, na aliye katikati hupata sehemu yake ya hiyo 70. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 500,000 aliyepimwa asilimia 40: asilimia 70 ya mshahara ni 350,000, na asilimia 40 ya hiyo ni 140,000 kwa mwezi, kabla ya kuangalia viwango vya chini na vya juu vya mfuko. Vidole viwili kwa kawaida huangukia upande wa mkupuo, ingawa inategemea ni vidole gani na vimekatikia wapi. Zile siku ulizokaa nyumbani ukijiuguza zina fao lake tofauti, la ulemavu wa muda, nalo hukokotolewa kwa asilimia 70 ya kipato na lina ukomo wa miezi 24.

Madai ya namna hii huharibika kwa sababu chache zinazojirudia. Kubwa ni kuchelewa: ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya fidia. Usihesabu kuanzia siku uliyopona. Hesabu kuanzia siku ya ajali. Nyingine ni mwajiri kukuambia "tutamalizana wenyewe", akalipa hospitali na kukupa kiasi cha kukunyamazisha, bila taarifa yoyote kwenda WCF. Miaka miwili baadaye mkono ukianza kukusumbua huna faili. Nenda mwenyewe ofisi ya WCF ukaulize kama ajali yako imepokelewa. Nyingine ni mshahara wa mdomo: anayelipwa laki tano lakini hati inaonyesha laki mbili atafidiwa kwa hesabu ya laki mbili. Kusanya hati za mshahara za miezi ya karibu na ajali, mkataba, karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza, na majina ya wawili walioona mashine ikikukata.

Tofautisha na pensheni ya ulemavu ya NSSF, ambayo labda ndiyo wenzako waliyoisikia. Hiyo hupewa mwanachama aliyepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, ilimradi ametimiza masharti ya michango. Huko ndiko swali la "bado anaweza kufanya kazi?" lina nafasi yake. Kwako halina.

Sisi ni kikundi cha watu wenye ulemavu watano Temeke. Amekuja mfanyabiashara, anataka tuombe mkopo wa halmashauri kwa majina yetu, biashara aendeshe yeye, kila mmoja wetu apewe laki mbili. Anasema hela za walemavu ni za kugawana tu, hazidaiwi. Wengine kikundini wameshakubali.
*Katibu wa kikundi, Temeke*

Katibu, simamisha jambo hili kabla hamjasaini chochote.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo. Unadaiwa mpaka uishe. Mkisaini, deni ni la majina matano yaliyo kwenye mkataba, na yule bwana hayumo. Akifunga biashara na kuhamia mkoa mwingine, watakaoitwa na halmashauri ni ninyi, na mtakuwa mmeziba mlango wa mkopo mwingine kwa ajili ya laki mbili zilizokwisha mwezi ule ule.

Kuna madhara mengine yanayokwenda mbali kuliko kikundi chenu. Serikali ilisitisha mikopo hii Aprili 2023 baada ya malalamiko mengi, yakiwemo ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10, Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala) likiwa mojawapo, ziliwekwa kwenye majaribio ya kukopesha kupitia benki. Nyingine zote, Temeke ikiwemo, zinaendelea wenyewe kwa kamati zilizoimarishwa. Kila kikundi cha kukodi kinampa sababu yule anayesema watu wenye ulemavu hawakopesheki, na anayelipia ni fundi viatu wa kweli aliyetaka cherehani moja.

Mnaweza kuomba wenyewe. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awasajili. Mtahitaji katiba fupi, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo ukiwa na saini za wote, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), barua ya serikali ya mtaa, na andiko la mradi. Andiko ndilo huangusha wengi. Hununuliwa stationari kwa elfu ishirini, likiwa na mradi wa kuku wa kisasa elfu moja wakati kikundi hakina hata banda. Andikeni mnachokijua: mnanunua nini, kwa bei gani leo hapo Temeke, mnauza kwa nani, kwa wiki kinabaki kiasi gani baada ya nauli, kodi ya fremu na posho ya msaidizi. Ndiyo, andikeni gharama ya msaidizi. Mwenye kiti mwendo hulipa mtu wa kumsukuma au kumpakia kwenye bajaji, asiyeona hulipa wa kumsomea risiti, na mradi usiohesabu hayo hufilisika mwezi wa tatu, kisha watu wanasema, "Si mliwaona?"

Masharti ya idadi ya wanakikundi kwa watu wenye ulemavu yamelegezwa kuliko ya makundi mengine. Kwa hiyo wakijitoa wawili wanaotaka laki mbili, msidhani kikundi kimekufa. Muulizeni afisa wa kata.

Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza. Ana ugonjwa wa viungo, analipwa posho ya ulemavu na bado anafanya kazi ofisini. Ndugu hapa Sinza wanasema anaiba, siku akikamatwa atatuaibisha. Ukweli ni upi?
*Dada mtu, Sinza*

Kama anapata ile iitwayo Personal Independence Payment, PIP, haibi. Posho hiyo ilianza mwaka 2013 na haiangalii kama mtu ana kazi wala ana akiba kiasi gani. Inalipa gharama za ziada za kuishi na ulemavu, na kwa wengi ndiyo inayowawezesha kufika kazini.

Namna wanavyopima inafaa kujulikana hata huku. Kuna shughuli 12: kumi za maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga, kuvaa, kutumia dawa, na mbili za kutembea na kusafiri. Kila upande una pointi zake. Ukifikisha 8 unapata kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Na kuweza kufanya jambo kuna masharti manne: ulifanye kwa usalama, kwa ubora unaokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi kipimo. Anayeweza kupanda ngazi mara moja kisha akalala siku nzima hahesabiwi kuwa anaweza. Hali inayobadilika huhesabiwa ikimzuia mtu katika siku nyingi kuliko nusu ya siku zote. Yule aliyemcheka kijana wa Mbagala angekuwa na kipimo hicho mkononi, asingecheka.

Hata hivyo huko nako lawama za mtaani ni zile zile, na wengi hunyimwa mara ya kwanza. Akinyimwa ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na baada ya hapo anaweza kwenda baraza la rufaa. Jambo moja kwa ndugu wanaopanga kumfuata: viza nyingi huandikwa sharti la kutotumia fedha za umma, na PIP ni mojawapo ya fedha hizo. Mwenye sharti hilo asiombe kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu kuomba kunaweza kuharibu viza yake.

Ofisi yetu Kariakoo ina wafanyakazi 60. Ameomba kazi ya uhasibu kijana kiziwi mwenye stashahada nzuri. Mkurugenzi anasema ofisi si kituo cha kulea watu, tumpe nauli arudi. Mimi ni afisa utumishi, nimwambie nini?
*Afisa utumishi, Kariakoo*

Mwambie kwamba hapa hakuna msaada unaoombwa. Kuna nafasi ya kazi na kuna mwenye sifa.

Kisha mwonyeshe sheria ile ile ya 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwa watu 60 ni 1.8, kwa hiyo panga kwa wawili. Kama hamna hata mmoja, mkaguzi wa kazi akifika hamtakuwa na la kujibu.

Kwa usaili, wasiliana na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, mapema upate mkalimani wa lugha ya alama. Mlipeni ninyi, asilipwe na kijana. Mwambieni mkalimani istilahi za uhasibu siku moja kabla, la sivyo "mizania" na "salio" zitageuka mchezo wa kukisia. Mpeni jaribio la vitendo kama mnavyowapa wengine: daftari la fedha lenye makosa, atafute. Akiajiriwa, mambo ya kubadilisha ni machache. Maagizo yaende kwa ujumbe wa maandishi, meza yake itazame mlango ili aone anayeingia, king'ora cha moto kiwe na taa, na kwenye kikao azungumze mmoja mmoja huku mtu akiandika muhtasari anaouona hapo hapo. Msimsemeshe mkiwa mmempa kisogo, na msipige kelele. Hasikii kwa nguvu zaidi mkipaza sauti.